Muhula wa Kushindanisha Simu na Rafu

Mkuu wa chuo chetu alirudi kutoka semina ya siku tatu akiwa na mkoba mpya, kalamu mbili zenye nembo ya hoteli, na wazo. Mkoba alimpa dereva wake aubebe. Wazo alituletea sisi.

Tulikutana ukumbini Jumatatu asubuhi, hapa Kitale, walimu na wafanyakazi wote. Akatueleza kwamba huko duniani hakuna tena mtu anayesimama mbele ya wanafunzi kuwafundisha namna ya kutumia maktaba. Wanafundishwa mtandaoni, kila mmoja akiwa kwao, kwa wakati wake. Halafu akanitazama, na wenzangu wote wakanitazama pia, kwa sababu mkutubi alikuwa ni mimi, na kazi hiyo ya kusimama mbele ya wanafunzi ilikuwa yangu. Kila mwaka nilikuwa nikiwapokea wageni wa mwaka wa kwanza, nawaonyesha jinsi vitabu vinavyopangwa, namna ya kukitafuta unachokitaka, na namna ya kutaja ulipotoa maneno ili usionekane mwizi.

Nilisimama nikajitetea. Nikasema mwanafunzi anahitaji kumwona mwalimu usoni, na mwalimu anahitaji kuona kama mwanafunzi ameelewa. Niliongea vizuri sana. Ukweli ni kwamba niliutetea ule ufundishaji kwa nguvu ambazo sikuwa nimezitia katika ufundishaji wenyewe kwa miaka mingi. Maandishi yangu ya somo yalikuwa ya zamani kiasi kwamba ukurasa wa pili uliwaambia wanafunzi wavute droo za kadi za kutafutia vitabu, na droo hizo siku hizi zinawekwa majani ya chai na sukari ya wafanyakazi. Kila mwaka nikifika ukurasa wa pili nilikuwa nauruka bila hata kupunguza mwendo.

Mkuu hakupenda kukata shauri mbele ya watu, na semina ilikuwa imempa neno jipya, utafiti. Kwa hiyo akatangaza utafiti. Chuo kina makao makuu Kitale na tawi dogo Bungoma. Wanafunzi wapya wa Kitale watafundishwa maktaba kwa simu. Wale wa Bungoma nitawafundisha mimi ana kwa ana. Mwisho wa muhula watapimwa wote, na njia itakayoshinda ndiyo chuo kitakayoifuata.

Mtu yeyote aliyewahi kufuga kuku anajua huwezi kulinganisha vyakula viwili kwa kumpa jogoo kimoja na bata kingine. Nikainua mkono, nikasema kwamba vitabu vingi viko Kitale na tawi la Bungoma lina kabati tatu tu, kwa hiyo tutakuwa tunawanyima rafu wale walio karibu nazo na kuwafundisha rafu wale wasiokuwa nazo. Mkuu akanijibu kwa upole kwamba mtafiti haongozwi na hisia.

Upande wa mtandao ulipewa mkuu wa idara ya kompyuta. Huyu tuliajiriwa naye mwaka mmoja, yeye akiwa mwalimu wa taipureta. Siku mashine zile zilipobebwa kupelekwa stoo, alichukua likizo ya wiki mbili akarudi akiwa mtaalamu wa kompyuta, na hakuna aliyemwuliza swali. Alikuwa rafiki yangu. Saa nne kila siku tulikuwa tunakunywa chai pamoja maktabani, tukiitoa kwenye zile droo. Baada ya mkutano ule alianza kuja saa nne kasorobo, mimi nikawa nakuja saa nne na robo.

Alirekodi video saba. Alizirekodi nyumbani kwake Matisi kwa sababu alisema huko kuna utulivu, ingawa katika ile ya tatu unamsikia jirani akibishania mkaa. Nilizitazama zote kwa siri. Hakuja hata siku moja kupiga picha maktaba yetu. Alichukua mtandaoni picha ya maktaba fulani yenye ngazi za marumaru na taa za kijani, akajiweka mbele yake kama vile ametoka kushuka hizo ngazi. Maktaba yetu ni chumba kimoja chenye paa la mabati, ambapo mvua ikinyesha kusoma kunaendelea lakini kuongea kunakoma. Nikacheka peke yangu nikiwawazia wanafunzi watakavyozitafuta ngazi.

Nilipofika video ya nne kicheko kiliisha. Alikuwa anaeleza zile namba za migongo ya vitabu, ambazo mimi huzieleza kwa dakika arobaini na mwishoni watu wote wanakuwa wamechoka, nikiwemo mimi. Yeye alichora kanisa akaandika mia mbili, akachora ng'ombe na jembe akaandika mia sita. Dakika nne. Nilizima simu nikaenda kupika, na chakula chenyewe sikukifurahia.

Bungoma nilikuwa naenda kila Jumanne. Tawi letu liko ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Siku ya kwanza nilikuta wanafunzi arobaini wamekaa kwa adabu, kalamu mkononi, na kabati tatu za vitabu zimefungwa kwa kufuli. Funguo alikuwa nazo msimamizi wa tawi, naye alikuwa amekwenda matangani Bumula, ambako hata mimi ni nyumbani. Nikatuma ujumbe, nikajibiwa kwamba marehemu alikuwa mtu mkubwa na mambo bado. Kwa hiyo Jumanne mbili mfululizo nilifundisha namna ya kutoa kitabu kwenye rafu huku nikinyooshea kidole kufuli. Wanafunzi waliandika yote. Sijui waliandika nini.

Chini dukani walikuwa na mashine ya kukatia vyuma. Ilikuwa inanyamaza wakati nasalimia na wakati natoa ruhusa ya kwenda nyumbani, lakini nikifika tu jambo la maana nayo inafika chuma cha maana. Nikawa napiga kelele. Na hapo ndipo shida nyingine ilipoingia bila mimi kujua. Kwetu Bumula herufi L na R hazina ugomvi, kila moja huingia kwa nyumba ya mwenzake wakati wowote. Baada ya miaka mingi ya kufundisha Kitale nilidhani nimeshapona. Kumbe nilipona nikiongea pole pole tu. Nikipaza sauti, mtoto wa Bumula anarudi.

Hata hivyo nilianza kuwapenda wale wanafunzi. Funguo zilipofika tulivitoa vitabu vyote tukavipanga upya sakafuni, na kina mama wawili waliokuwa wakisinzia nyuma kwa zamu wakaamka, wakavua viatu, wakapiga magoti kati ya namba mia tatu na mia nne kama wanaopalilia. Niliwafundisha jambo moja juu ya mengine yote. Ukikwama, uliza. Mtu wa maktaba ameajiriwa aulizwe. Niliwaambia hivyo kila Jumanne, kwa sauti inayoishinda ile mashine.

Katikati ya muhula kukawa na mtihani wa kuandika. Wanafunzi wangu walipata alama za binadamu, wengine juu, wengine chini. Wale wa Kitale, waliofanyia kwenye simu, walipata zote, mia kwa mia, kila mmoja. Mkuu alinionyesha karatasi akiwa ametabasamu. Nikaisoma vizuri. Swali la tisa lilitaka neno katalogi, nao wote walikuwa wameandika "katolagi". Na katika orodha ya waliofaulu alikuwemo kijana mmoja aliyekuwa ameacha chuo wiki ya pili akahamia chuo kingine Eldoret. Mkuu alipoambiwa haya alifikiri kidogo, kisha akasema hiyo inaonyesha kwamba mtandao unajenga ushirikiano.

Mimi nikadai mtihani wa vitendo. Waje watu kumi wa kila upande, wapewe majina ya vitabu vitano vyenye nakala za kutosha, wavitafute kwenye rafu wavilete mezani. Nilitarajia Mkuu akatae. Lakini kulikuwa na wageni wanatoka Nairobi kuja kukagua chuo, na aliona mara moja kwamba watu wanaotembea kati ya rafu wanapendeza zaidi kwenye picha kuliko watu waliokaa na simu. Akakubali, ila akaweka sharti moja la kitaalamu. Kila kundi lipewe maswali kwa njia ile ile lililofundishwa nayo. Kitale watumiwe orodha kwa simu. Bungoma waisikie kutoka kinywani mwangu.

Siku ya mtihani ilikuwa Alhamisi. Basi la chuo lilileta watu wangu kumi, na wageni watatu kutoka Nairobi walikaa kwenye meza ya kusomea na soda. Mkuu wa kompyuta alikuwa amevaa tai. Mimi nilikuwa nimesuka.

Niliwasomea watu wangu majina matano, nikiwa nimeinua sauti kwa sababu ya mazoea, ingawa hapa Kitale hakukuwa na mashine. Kitabu cha nne kilikuwa kijitabu cha kilimo juu ya rutuba ya udongo. Hakina jina la mwandishi, kwa hiyo mgongoni kimewekwa namba ya kilimo na herufi tatu za kwanza za jina lake, yaani RUT. Wakaandika, wakatawanyika.

Walifanya vizuri, na moyo wangu ukawa unafurahi. Walitembea bila woga, walisoma namba, walivuta vitabu, walivirudisha. Vitabu vitatu vya kwanza vilifika mezani kabla wale wa Kitale hawajatoka mlangoni. Wale wa Kitale mlangoni walikuwa wanangoja mtandao. Kisha wakaingia, wakasimama, wakaangalia huku na huku, na mmoja akaniuliza kwa heshima sehemu ya ngazi iko wapi. Nilimtazama mkuu wa kompyuta. Akarekebisha tai. Vijana wawili wakaanza kupiga picha rafu moja baada ya nyingine na kuzituma kwenye grupu lao, wakitumaini mtu fulani mahali fulani atawaambia kitabu kiko wapi. Mmoja alijibiwa, na aliyemjibu, nilijua baadaye, ni yule wa Eldoret.

Halafu watu wangu wakafika kitabu cha nne, na wote kumi wakasimama mahali pamoja kama ng'ombe kwenye ua. Wakaangalia karatasi, wakaangalia rafu. Mmoja wao, mama mtu mzima aliyekuwa akikaa mbele darasani, akakumbuka nililowafundisha, akaja kuniuliza. Alisema wamefika kwa kilimo, wamefika kwa udongo, wamepekua L yote, na hakuna. Nikamwambia kipo, arudi aangalie vizuri. Akaniomba nirudie jina.

"Lutuba," nikasema. "Lutuba ya udongo."

Akarudi kwenye L. Aliandika kwenye karatasi yake kwamba kitabu kimeazimwa, na wenzake tisa wakaandika hivyo hivyo. Mkuu wa kompyuta alikuwa amesimama karibu nami. Alitoa kitambaa akafuta miwani yake kwa muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji, na hapo ndipo nilipojisikia. Nilijisikia kweli, sauti yangu mwenyewe, na uso ukaniwaka. Orodha yao ya simu ilikuwa imeandikwa R, hata mtoto angeiona. Yangu ilipita kinywani.

Ningeendelea kusimama pale nikijihurumia kama nisingemwona mwanamke mmoja upande wa Kitale. Alikuwa wa umri wa miaka arobaini hivi, amefunga leso kichwani, mkulima wa mahindi kutoka upande wa Saboti aliyekuja kusomea ualimu wa watoto wadogo baada ya wale wake mwenyewe kukua. Hakuwa kwenye kundi la wapiga picha. Alikuwa amekunja mikono nyuma, anatembea taratibu kando ya rafu, anasoma migongo ya vitabu kama mtu anayesoma majina ya wageni kwenye harusi. Mara kwa mara alisimama akaandika kitu kwenye karatasi yake. Meza yake ilikuwa tupu.

Muda ulipoisha msaidizi wangu alipita akihesabu vitabu kwenye kila meza, kwa sababu fomu ya Mkuu ilikuwa na sehemu moja tu, ya idadi ya vitabu vilivyoletwa mezani. Yule mwanamke akaandikiwa sifuri. Nilikwenda kumwona kwa sababu nilikuwa nimemwona akisimama mahali panapotakiwa, kila mara. Karatasi yake ilikuwa na mistari mitano. Rafu ya tatu kutoka mlangoni, mstari wa pili kutoka chini, kitabu cha saba. Hivyo kwa kila kimoja. Vyote vitano vilikuwa pale alipoandika, hata rutuba.

Nikamwuliza kwa nini hakuvileta.

"Madam, video haikusema kama mtu anaruhusiwa kuvigusa," akasema. "Nikaona nisije nikaharibu kitu cha watu."

Akanieleza mambo yake huku wageni wakipigwa picha. Hakuwa amewahi kuingia maktaba maishani. Shuleni kwao vitabu vilikuwa kwenye ofisi ya mwalimu mkuu. Video alizitazamia kwenye kilima juu ya shamba lake, kwa sababu nyumbani mtandao haushiki, na hata kule kilimani simu mara nyingine ilishika mtandao wa ng'ambo ya mpaka, ikamkaribisha Uganda na kumlia bando. Alikuwa anapanda kilimani na ng'ombe, wale wakila yeye anatazama. Ile video ya nne, ya namba, ilikuwa inakwama karibu kila ikifika mia mbili, inarudi mwanzo. Ameitazama mwanzo wake mara nyingi mpaka mia mbili ameishika kama jina la mtoto wake.

Kwa hiyo alipomaliza vitabu vyake vitano na kuona bado kuna muda, alikwenda kuitazama hiyo mia mbili kwa macho, apate kuijua baada ya kusumbuana nayo vile. Na huko akaona kitu. Hakutaka kunisema mbele ya watu, alisema, lakini kwa kuwa nimekuja mwenyewe, angeomba kuuliza. Akanipeleka mpaka kwenye rafu ya dini na kunionyesha kwa kidevu, bado mikono ikiwa nyuma. Kati ya vitabu vya mahubiri kulikuwa na kimoja ambacho jina lake linaanza na neno Mchungaji. Mgongoni, chini ya jina, kulikuwa na picha ndogo ya mbuzi.

"Huyu mbuzi amekuja kwa dini kufanya nini?" akauliza.

Kilikuwa kitabu cha ufugaji wa mbuzi na kondoo. Nilikiweka pale mimi, kwa mkono wangu, mwaka ambao tulipokea maboksi mengi kwa siku moja na nikawa nasoma neno la kwanza la kila jina na kuendelea. Kilikuwa kimekaa pale na wahubiri miaka yote hiyo, na wanafunzi wote niliowaongoza kupita hapo ana kwa ana, nikiwatazama usoni, hawakuwahi kukiona, na mimi sikuwahi kukiona.

Nilimwambia akitoe. Akanitazama kuhakikisha. Nikamwambia tena, akitoe, ni chake kama ni changu. Akapangusa vidole kwenye leso, akakivuta kwa mikono miwili, akakifungua katikati na kusoma nusu ukurasa akiwa amesimama. Kisha akasema kwamba aliyeandika anajua mbuzi, na hapa amekosea, na hapa amesema kweli. Nilichukua gundi kaunta nikakibadilishia lebo yeye akiwa ananitazama, nami nikajisikia kama mwanafunzi anayesahihishiwa daftari.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mkuu kumwambia kwamba mwenye sifuri ndiye aliyepata vyote, na amepata na cha sita ambacho hatukumwuliza. Mkuu alinisikiliza vizuri. Akaigeuza fomu, akaangalia nyuma yake, akasema haina mahali pa kuandika hayo. Nikamwuliza kama haiwezi kuongezwa mstari. Akasema fomu ikishaanza kutumika haiguswi, la sivyo utafiti unaharibika.

Mchana huo huo nilipita ofisini kwake kuchukua barua nikamkuta sekretari anachapa ripoti. Niliona ukurasa wa mwisho umeshatoka kwenye mashine kabla ya ule wa matokeo. Ulisema kwamba njia zote mbili zimefaulu sana na kwamba kila moja ina nafasi yake. Sekretari aliniona nikisoma, akanieleza bila aibu kwamba mwisho aliuchapa wiki iliyopita ili leo kazi isimwelemee. Kilichobaki ni kujaza namba.

Uamuzi ulitangazwa muhula uliofuata. Kitale, penye vitabu, wataendelea kufundishwa kwa simu. Bungoma, penye kabati tatu, nitaendelea kwenda Jumanne. Wageni walikuwa wamependezwa, tukaambiwa, hasa na picha.

Wiki ile mkuu wa kompyuta alikuja maktabani saa nne kamili na kikombe chake. Nilikuwa nimekuja saa nne kamili pia, sijui ni nani kati yetu aliyeamua kwanza. Nikammiminia chai. Akaniuliza ile sehemu ya kuvigusa vitabu ningeisemaje, kama ingekuwa ni mimi. Nikamwambia singeisema, ningewashikisha. Halafu mimi nikamwuliza kwa nini hakuniambia habari ya L siku zote tulizojuana. Akasema alidhani najua na kwamba ndivyo ninavyopenda.

Tukakubaliana bila kumwambia Mkuu, kwa sababu angeunda kamati. Alileta kamera ya simu, tukarekodi upya humu humu ndani, chini ya mabati. Mimi nilikuwa ninatembea kati ya rafu natoa vitabu, yeye anashikilia simu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anainua kipande cha katoni alichoandika R kubwa kila ninapokaribia hatari. Tulilazimika kurudia mara nyingi. Siku moja mvua ilianza tukiwa katikati, nikaendelea kuonyesha kwa mikono tu, na hiyo tuliiacha hivyo hivyo. Mwishoni mwa kila video nasema, njoo uvishike. Na wanafunzi wa Kitale nikawatengea siku za Jumatano, kila mmoja aje mara moja na mwenzake, asijifunze chochote, ashike tu, afungue, anuse akitaka. Mkuu anaamini kuwa huo ni usafi wa rafu.

Yule mama wa Saboti alipata kadi ya maktaba, na kitabu cha mbuzi alikiazima na kukirudisha mara tatu, akisema bado hajamaliza kubishana nacho. Alifanya mazoezi yake ya ualimu kwenye shule ya watoto huko kwao. Nilipokwenda kumtembelea nilikuta amepanga vitabu kumi na viwili vya watoto juu ya benchi, na watoto wa miaka mitano wakivitoa na kuvirudisha, wakivitoa na kuvirudisha, hakuna anayesoma, naye amekaa kando anawatazama bila kuwakemea. Aliniambia wataanza kusoma wiki ijayo. Kwanza wavizoee.

Mimi bado naenda Bungoma Jumanne, na tangu video zianze kutumiwa huko pia, kazi yangu imekuwa nyepesi na sina uhakika kama nafurahia. Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani Bumula, nimeenda sokoni kununua kunde, binti mmoja anayeuza viatu akaniita madam. Ni mwanafunzi wetu wa tawi, mwaka wa kwanza, lakini Jumanne huwa yuko sokoni, kwa hiyo hatukuwa tumewahi kuonana. Alinisalimia, akaniuliza habari za Kitale, nikamjibu, naye akawa ananitazama mdomo kwa mshangao.

"Kumbe wewe huongea pole pole hivi," akasema. "Kwa simu mimi nakuwekanga mbio, mara mbili."

Nikamwuliza kama anaelewa kitu kwa mwendo huo. Akasema anaelewa, shida ni kungoja niseme. Nikamwuliza ni video gani iliyomsaidia zaidi, maana nilitaka kwenda kumwambia rafiki yangu. Alifikiria sana, kiatu kimoja mkononi, akisugua vumbi kwa kidole gumba.

Akasema ile ya mvua, kwa sababu haina maneno mengi.